Tusiuite Mwanzi Chuma, Tusiuite Mti wa Maskini

Wanachuo wenzangu, kuna maneno mawili yanayosemwa sana kuhusu mwanzi, na yote mawili yanatupotosha. La kwanza tunalipata kwenye simu zetu: eti mwanzi ni "chuma cha kijani", unaishinda nondo, na anayeendelea kununua nondo ni mjinga. La pili tunalipata nyumbani. Ukipita vijiji vya Kasulu na Kibondo ukasema unataka kujenga kwa mianzi, watu watakuangalia kwa huruma. Mianzi ni ya uzio, vihenge, vitunga na kuegeshea migomba. Nyumba ya mianzi ni ya mtu aliyekosa tofali.

Anayeutukuza hajaupima. Anayeudharau naye hajaupima. Mimi naona mwanzi una nguvu ya kutosha kabisa kubeba paa. Kinachouangusha ni vitu vitatu: maungio mabaya, unyevu na wadudu. Vyote vitatu ni suala la ujuzi. Na kama ni suala la ujuzi, basi sisi tunaosomea ualimu hatuwezi kusema kuwa jambo hili ni la wahandisi peke yao.

Kwa nini nalileta hapa, tena sasa? Kwa sababu ya maboma. Yeyote aliyekwenda TP kwenye shule za kata anajua ninachozungumzia. Wananchi wanachanga, wanafyatua tofali, wanasomba mawe na mchanga, wanainua kuta mpaka kwenye lenta, halafu kazi inasimama. Nguvu ya wananchi imeishia hapo, inasubiriwa fedha ya kupaulia. Mbao za kenchi, papi, mabati na misumari haviokotwi porini, vinahitaji pesa taslimu. Boma linakaa msimu wa kwanza wa mvua, wa pili, nyasi zinaota ndani, kuta zinaanza kumong'onyoka juu. Watoto wanaendelea kubanana kwenye darasa la jirani.

Na hizo kuta nazo zina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Tofali la kuchoma linataka tanuri, tanuri linataka kuni, na kuni za nyanda za juu za Kigoma zinatoka kwenye miombo. Mninga tunaousifia kwa mbao zake huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Ongeza mzigo ambao wilaya hizi zimebeba kwa ajili ya majirani. Kambi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea ndugu zetu kutoka Kongo. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika, Nyarugusu ikafurika na Nduta iliyoko Kibondo ikafunguliwa upya. Kila familia iliyofika ilihitaji nguzo za kibanda na kuni za kupikia. Simlaumu mkimbizi, mtu hawezi kulala mvuani ili msitu upone. Nasema tu kwamba mahitaji ya miti ya kujengea katika wilaya hizi yamekuwa makubwa kwa muda mrefu, na tumeendelea kuyatimiza kwa miti inayokua polepole.

Mwanzi ni nyasi. Ndugu yake ni muwa na mahindi. Chipukizi likitoka ardhini, hufikia urefu wake wote ndani ya miezi michache, kisha hukomaa kwa kukauka na kukazana. Baada ya miaka mitatu mpaka mitano unaweza kuukata kwa kujengea. Ukikata ile iliyokomaa na kuiacha michanga, kichaka kinaendelea kuishi. Na mmea huu haujaletwa na mfadhili. Mwanzi wa nyanda za miombo, ambao kisayansi unaitwa Oxytenanthera abyssinica, unaota wenyewe magharibi mwa Tanzania, na vichaka vyake vipo hata kwenye vilima vya Gombe na Mahale.

Sasa tuje kwenye nguvu yenyewe. Uchukue mwanzi uukate katikati ya pingili, utazame ule mkato. Utaona vidoadoa vyeusi vimesongamana karibu na ganda la nje, na kadiri unavyokwenda ndani vinapungua. Vile vidoa ni vifurushi vya nyuzi. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba mzigo, na zimepangwa nyingi zaidi nje, mahali panapoumia zaidi mwanzi unapopindwa na upepo. Mhandisi akitaka kutengeneza nguzo nyepesi isiyopinda hovyo hufanya vilevile: huondoa nyenzo katikati na kuipeleka pembeni, akapata bomba. Halafu vile vifundo vya kila baada ya pingili ni kuta ndogo zinazozuia bomba lisibonyee.

Tukija kwenye namba, vipimo vilivyofanywa kwa aina mbalimbali za mianzi duniani vinaonyesha kuwa nguvu yake ya kuvutwa kufuata nyuzi mara nyingi iko kati ya megapaskali 100 na 250, na kwenye ganda la nje inaweza kuzidi hapo. Megapaskali moja ni kama kuning'iniza gramu 100 kwenye kila milimita moja ya mraba. Fanya hesabu ya haraka. Ukanda wa mwanzi wenye upana wa milimita 10 na unene wa milimita 5, kwa megapaskali 150, unashikilia karibu kilo 750. Hayo ni magunia saba na nusu ya mahindi ya kilo mia, kwenye ukanda mwembamba kuliko kidole. Kwa kubanwa, mwanzi mkavu hustahimili megapaskali 40 mpaka 80. Zege la kawaida la nyumba zetu liko kwenye 20 au 25.

Chuma laini huanza kulegea kwenye megapaskali 250 hivi, kwa hiyo kwa ukubwa uleule chuma kiko juu. Lakini mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850, na ya mwanzi mkavu ina kilo 600 mpaka 800. Ukilinganisha kilo kwa kilo, mwanzi haudaiwi na mtu. Hapo ndipo lilipozaliwa lile jina la chuma cha kijani.

Nilipokuwa TP nikifundisha fizikia kwenye shule moja ya kata wilayani Kasulu, tulifika mada ya sifa za maada na vifaa vya maabara havikutosha. Tulipasua mwanzi, tukachukua kipande cha upana wa vidole viwili, tukakilaza juu ya madawati mawili na kuning'iniza ndoo katikati. Tukajaza maji nusu ndoo. Kipande kikapinda kama upinde wa kuwindia. Tulipoondoa ndoo, kikarudi. Darasa lote lilipiga makofi, isipokuwa kijana mmoja wa nyuma aliyenyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Mbona babu yangu alijenga banda la mianzi na halikumaliza miaka mitatu?"

Nilimwambia aje mbele na msumari wa inchi tatu. Akaugongelea kwenye kipande kilekile kilichobeba ndoo. Kikapasuka kwa urefu kuanzia kwenye msumari mpaka mwisho.

Swali la kijana yule ndilo wanaotukuza mwanzi hawalijibu. Zile nyuzi zote zimelala upande mmoja. Ukizivuta kwa urefu ni imara ajabu, lakini kinachozishikamanisha ubavu kwa ubavu ni dhaifu sana, megapaskali mbili tatu tu, pengine chini ya hapo. Msumari hauukati mwanzi, unautenganisha. Kwa hiyo nyumba ya mianzi haivunjiki katikati ya nguzo, inafunguka kwenye maungio. Fundi aliyejifunza kupigilia mbao akiuchukulia mwanzi kama mbao, ameuua siku ya kwanza.

Kosa la pili ni unyevu. Nguzo ya mwanzi iliyochimbiwa moja kwa moja ardhini bila dawa huishi mwaka mmoja mpaka mitatu hivi. Udongo unyevu na mchwa haviangalii nguvu ya kuvutwa. Hapo babu wa yule kijana alipata jibu lake, na banda lake wala halikufanya vibaya.

La tatu ni wadudu. Mwanzi una wanga, hasa ukikatwa mchanga. Wapo mbawakawa wadogo wanaotoboa mwanzi mkavu na kuacha unga mweupe chini, na kisayansi wako katika familia moja na dumuzi wa mahindi. Dumuzi tunamjua vizuri. Alipoingia nchini aligundulika Tabora, jirani zetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampachika jina la Scania. Hakuna mkulima wa Kasulu anayeweka mahindi ghalani bila dawa halafu akashangaa kukuta unga. Lakini tunajenga kwa mwanzi mbichi usiotibiwa, ukiliwa tunasema mwanzi hauna nguvu!

Dawa zipo na si za ajabu. Kata mwanzi uliokomaa, mvua zikiisha. Loweka kwenye maji yanayotiririka kwa wiki kadhaa wanga upungue, au utoboe vifundo kwa ndani uuzamishe kwenye mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Ukaushe kivulini, umesimama. Kisha ujenge kwa kanuni ambayo mafundi wa Colombia huisema kwa mzaha: nyumba ya mianzi inataka viatu vizuri na kofia nzuri. Viatu ni msingi wa mawe au zege unaonyanyua mwanzi usiguse ardhi. Kofia ni paa lenye upenu mpana ili mvua isipige kuta. Kwenye maungio, kata karibu na kifundo, toboa kwa keekee badala ya kugongelea, tumia bolti, na pingili inayopitiwa na bolti ijazwe saruji laini ili isibonyee. Mwanzi uliotunzwa hivyo, ukiwa chini ya paa, unaweza kupita miaka 20.

Hapa niwageukie wale wa "tutupe nondo". Hapana. Usiweke mwanzi ndani ya zege ukidhani umeokoa pesa. Mwanzi hunywa maji ya zege bichi ukavimba, kisha hukauka ukasinyaa na kuachia zege. Zaidi ya hapo, chuma ni kigumu zaidi ya mara kumi katika kukataa kunyooka, kwa hiyo kabla mwanzi haujaanza kubeba mzigo wake, zege limeshapata nyufa. Kuvutwa mpaka kukatika ni jambo moja, na kukataa kurefuka ni jambo jingine. Wanaosambaza zile video wanachanganya mambo haya mawili, na siku moja lenta itamwangukia mtoto wa mtu.

Je, kuna waliofanya vizuri? Wapo. Colombia imeuingiza mwanzi wake uitwao guadua kwenye kanuni za taifa za ujenzi za mwaka 2010, zinazoruhusu nyumba za mpaka ghorofa mbili. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi ya mazingira peke yake. Tarehe 25 Januari 1999 tetemeko lilipiga mji wa Armenia na eneo la kahawa linaloizunguka, na katika majengo yaliyosimama zilikuwepo nyumba za zamani za mianzi na udongo. Costa Rica vilevile, tetemeko la Limón la mwaka 1991 liliziacha zimesimama nyumba za mianzi za mradi wa taifa zilizokuwa karibu na kitovu. Nyumba nyepesi inayonesa haipati kishindo kikubwa kama kuta nzito zisizonesa.

Usiseme hayo ni ya Amerika. Sisi tumekalia Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika na Kigoma ikatikiswa. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya Kagera, mkoa tunaopakana nao. Lilikuwa la 5.9 tu, lakini waliopoteza maisha walizidi 15, nyumba za tofali zikalala, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika mpaka wanafunzi wakahamishwa. Kuta nzito za tofali zisizofungwa vizuri ndizo tunazozijenga Kasulu na Kibondo mpaka leo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Bangladesh, kijiji cha Rudrapur. Shule ya METI ilijengwa kwa mikono ya wanakijiji na mbunifu Anna Heringer: chini kuta nene za udongo juu ya msingi wa tofali, juu ghorofa ya mianzi. Mwaka 2007 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo. Udongo na mianzi, ghorofa, kijijini. Vifaa hivyohivyo tunavyo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mtu aliyekaa chini akafundisha namna ya kuunga.

Lakini namba za Colombia si namba za Kasulu. Guadua ni mnene wa kiganja na una uwazi mkubwa ndani. Mwanzi wetu wa miombo ni mwembamba na mara nyingi umejaa ndani, hasa sehemu ya chini. Ule wa manjano unaopandwa kando ya mito una wanga mwingi na wadudu wanaupenda. Hatuwezi kuchukua kanuni ya watu tukaibandika kwenye darasa la watoto 80. Tunahitaji kuupima wa kwetu, na njia sanifu za kimataifa za kuupima zipo tangu mwaka 2004.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, mtaala. Tangu mwaka 2024 shule za sekondari zimeanza kupokea mkondo wa amali. Tunataka amali, lakini somo la ujenzi likija ni saruji na nondo, vitu ambavyo shule nyingi za kata haziwezi kuvinunua hata vya mazoezi. Mwanzi unapatikana kwa panga. Mwanafunzi anaweza kukata, kuloweka, kukausha, kutoboa na kuunga ndani ya mwaka mmoja wa masomo, akavunja kazi yake na kurudia bila kumtia mwalimu hasara. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi na vyuo vya ualimu pale Kasulu vinaweza kuwa mahali pa kuanzia, kwa sababu mwalimu hafundishi asichokijua.

Pili, vipimo. TBS ipo, Chuo Kikuu Ardhi kipo, SUA ipo na watu wa misitu. Mianzi ya Kasulu na Kibondo ipelekwe ikavunjwe kwenye mashine, majibu yaandikwe kwa Kiswahili ambacho fundi wa kijijini anaweza kukisoma.

Tatu, tuanze na visivyo hatari. Sisemi kesho tupaulie darasa kwa mianzi. Tuanze na kivuli cha kulia chakula, banda la kujisomea, kibanda cha baiskeli. Jikoni pasiguswe, mwanzi mkavu unashika moto upesi. Na paa jepesi lifungwe mpaka kwenye msingi, maana kilo chache kwa upepo wa Oktoba ni mwaliko. Banda likipita misimu mitano ya mvua mbele ya macho ya kijiji, ndipo tuzungumze kenchi za boma. Hata wakati wa kupanda tusiweke aina moja kila mahali, kwa sababu mwanzi wa miombo ukitoa maua kichaka hufa, na vikitoa maua pamoja vijiji vitabaki mikono mitupu.

Najua pingamizi litakuja kutoka kwa wazazi wenyewe. Mzazi aliyekulia nyumba ya miti na udongo ametoa jasho ili mwanawe asome kwenye tofali. Ukimwambia habari ya mianzi anasikia unamrudisha nyuma. Simcheki, ana haki. Kwa nini mianzi iende Kibondo na zege libaki mjini? Jibu la heshima ni moja tu: jengo la kwanza zuri la mianzi tulijenge hapa chuoni kwetu. Tuna eneo, tuna wanafunzi wanaojisomea chini ya miembe, tuna serikali ya wanafunzi yenye bajeti. Tukikaa sisi chini yake kwanza, tutakuwa na uso wa kwenda kumweleza mzazi wa Kasulu.

Kila mwaka tunamwagwa mikoani kwa TP, na mwaka wa mwisho kila mmoja wetu anatafuta kichwa cha utafiti. Rafu zimejaa tafiti za "sababu za utoro" katika wilaya fulani. Ndugu yangu unayepangiwa Kigoma mwaka huu, chukua kipande cha mwanzi, ndoo, rula na daftari. Pima mwanzi wa pale shuleni unapinda kiasi gani, uliolowekwa na usiolowekwa, uliokatwa mchanga na uliokomaa. Andika namba. Kisha uwaulize watoto wakueleze kwa nini ule mmoja ulipasuka. Watakaokujibu sawasawa ndio mafundi wa boma lijalo.